Picha ya Kale Isiyo na Sahihi: Huduma ya Mthamini Niliyemwendea Baltimore

Picha ya mama aliyeshika kitabu, iliyochorwa kwa rangi za mafuta na isiyo na sahihi popote, ilitufikia kwa urithi kutoka kwa bibi wa mume wangu. Muuza vitu vya kale mmoja alishikilia kuwa ni kazi ya Joshua Johnson, mchoraji Mweusi wa Baltimore, Marekani, kwa sababu tu kiti cha mama huyo kimepigiliwa misumari ya shaba, kama viti katika picha za Johnson. Kabla ya kuamini nilimpelekea mthamini wa kujitegemea wa hapa mjini, na nimeridhika naye kwa kiasi kikubwa.

Alitoza kwa saa, akieleza kwamba mthamini anayedai asilimia ya thamani, au anayetaka kuinunua picha papo hapo, ana maslahi yake ndani ya bei anayoitaja. Kisha akaigeuza picha, na kwa muda mrefu hakuutazama uso wa mama yule hata kidogo. Alichunguza mbao, ukingo wa turubai na misumari iliyolishikilia, ambayo ilikuwa ya kukatwa kwa mashine, aina iliyoenea kuanzia miaka ya 1790, wala si ile ya waya iliyotawala mwishoni mwa karne ya 19. Alipozima taa na kuwasha ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, vanishi kuukuu iling'aa kijani hafifu, ila vidole vitatu vilivyoshika kitabu vikabaki vyeusi kama masizi, maana vilipakwa rangi upya na mtu mwingine, miaka mingi baadaye. Vidole hivyo nimevitazama ukutani kwangu kila siku bila kushuku lolote.

Kuhusu Johnson hakukurupuka. Mchoraji huyo, aliyeachwa huru kutoka utumwani mwaka 1782 na kujitangaza gazetini mwaka 1798 kuwa amejifunza mwenyewe, ana picha moja tu inayojulikana yenye sahihi yake, kwa hiyo nyingine zote zinahusishwa naye kwa kulinganisha mkono wa mchoraji, yaani namna yake ya kuchora. Johnson alipaka rangi nyembamba na kuifumba midomo ya watu wake ikabana. Yetu ina rangi nzito na midomo iliyolegea. Viti vya misumari ya shaba, alisema, walikuwa navyo wengi. Ripoti yake ikaandika “mchoraji asiyejulikana, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19”, na ingawa niliumia, maneno hayo nayaheshimu kuliko jina kubwa lisilo na ushahidi. Thamani ya bima na bei ya soko alizitenganisha, kila moja na mifano ya mauzo iliyoitegemeza.

Dosari ni kwamba ripoti ilichelewa wiki tatu, na picha iliyopigwa chini ya urujuanimno haikuwamo hadi nilipoiomba. Ilistahili kuwamo tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo itakayomwongoza msafishaji atakapovifikia vile vidole vitatu.