Mti wa Krismasi wa plastiki futi 6 (Kariakoo): mti fresh, taa wamechemka

Nimeuchukua Kariakoo elfu tisini, boksi lina mti, taa, mipira ya kung'aa, nyota na pakiti ya theluji ya pamba. Matawi yamejaa, ukiyakunjua taratibu kile chuma cha katikati hakionekani kabisa. Ila stendi nyepesi mno, kama una watoto au paka weka tofali pale chini ulizungushie kitenge, la sivyo utauokota sakafuni kila siku.

Na kuna wale watakwambia wa plastiki sio mti, eti mpaka ukate wa porini. Jamani Wajerumani wenye mambo yao karne ya 19 walishakuwa na miti ya manyoya ya bata bukini yamepakwa rangi ya kijani, maana misitu ilikuwa inaisha! Hata mwaka 1521 huko Sélestat, Alsace, ambayo sasa ni Ufaransa, mji ulikuwa unalipa walinzi wa msitu watu wasijikatie ovyo msimu wa Krismasi. Kwahiyo plastiki usione aibu.

Kilichonikosha ni mipira, nyekundu tupu. Zamani kule Ujerumani tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa, watu wanaigiza habari za Edeni na ule mti wa kwenye igizo unatundikwa maepo, na inasemekana mti wetu huu umetokea humo humo. Kuna msafiri aliandika mwaka 1605 kwamba Strasbourg, mji wa huko huko Alsace, wanaweka miti sebuleni na kutundika maepo, waridi za karatasi, peremende na vile vikaki vyembamba, mipira ya kioo imekuja baadaye sana. Kwangu mipira myekundu ndo yale maepo, ndo maana mi boksi lenye mipira ya pinki na zambarau silitaki hata bure.

Taa sasa, aisee. Waya unaishia katikati ya mti, halafu kuna kimuziki kinalia hakina pa kuzimia, majirani watakuchukia. Edward Johnson, yule aliyekuwa anafanya kazi na Edison wa balbu, mwaka 1882 New York kaweka balbu 80 kwenye mti wake na mti wenyewe unazunguka, sisi leo hii tunauziwa taa za kufika kiunoni?? Nunua nyingine pembeni.

Theluji ya pamba tupa, kwa vumbi la Dar wiki tu imekuwa kahawia.

Naupa nyota 3 na nusu. Ukiutaka nenda Novemba, Desemba ikishakolea wanapandisha bei wanavyojisikia, na ufungue boksi hapo hapo dukani uhesabu matawi kabla hujalipa.