Nyumba ya National Arts Club, New York: kiingilio bure, ufunguo wa bustani ndio hupati

Katika jiji ambalo hata kwenda msalani inabidi kwanza ununue kahawa, kuingia bure kwenye jumba kama hili si jambo dogo. National Arts Club ni klabu ya wanachama, watu wa fasihi na sanaa, iliyoanzishwa 1898 na Charles de Kay, mhakiki wa gazeti la New York Times. Wanawake walipokelewa kama wanachama kamili tangu mwanzo. Kumbi za maonyesho ziko wazi kwa yeyote. Kwingineko unahitaji mwenyeji au ziara ya kuongozwa, na mimi na wifi yangu tulibahatika kupata ziara.

Usikimbilie ndani. Simama kwanza ng'ambo ya barabara uutazame ukuta: mawe ya kahawia yaliyochongwa ndege, majani, na vichwa vya Shakespeare, Milton, Goethe, Dante na Benjamin Franklin. Wifi alimtambua Shakespeare, waliobaki akawaita wazee wa baraza. Zilikuwa nyumba mbili, mpaka mwenyewe, Samuel Tilden, aliyekuwa gavana wa New York, alipomwita mbunifu Calvert Vaux, mmoja wa waliobuni Central Park, aziunganishe miaka ya 1880.

Ndani, kilichonimaliza ni kuba la vioo vya rangi la Donald MacDonald. Palikuwa maktaba ya Tilden, sasa ni baa. Ukisimama chini yake unaona vipande vidogo vidogo vimeshikanishwa kimoja kimoja, na unajiuliza fundi alikuwa na subira ya namna gani. Nilikaa hapo mpaka shingo ikauma na wenzangu wakanitangulia.

Halafu kuna Tilden mwenyewe. Mwaka 1876 aligombea urais wa Marekani, wananchi wengi zaidi wakampigia yeye, akashindwa kwa kura moja ya wajumbe wanaomchagua rais, 184 kwa 185. (Sisi tuliotoka kwetu hatuhitaji kuelezwa mara mbili.) Alifariki 1886 bila mke wala mtoto, akausia sehemu kubwa ya mali yake ijengewe maktaba ya umma. Ndugu wakaenda mahakamani, ndugu na mirathi tena! Kilichosalimika kiliunganishwa na maktaba za Astor na Lenox mwaka 1895, ikazaliwa New York Public Library. Kadi ninayokopea vitabu vya wanangu kule Bronx ina mkono wa mzee huyu, na nilikuwa sijui.

Bustani ya Gramercy iliyo mbele ya jumba hufunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ni wa wakazi wanaoizunguka na wachache wengine. Sanamu ya mwigizaji Edwin Booth akiigiza Hamlet wa Shakespeare utaiona kupitia nondo. "Wifi, sasa bustani nzuri hivi wanamfungia nani?" mwenzangu akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Ukitaka kwenda, panda treni ya 6, shuka 23rd Street, utembee kidogo hadi namba 15 Gramercy Park South. Angalia kwanza tovuti yao kama kuna maonyesho, na ziara ukiiona imetangazwa, jiandikishe mapema.