TAHADHARI: Una sherehe Morogoro Desemba hii? Usilipie muziki wa ukumbi kabla hujasoma hapa

Ndugu zangu, nina siku nne sijalala vizuri. Naandika kwa sababu yule mtu wa muziki wa ukumbini bado anapokea hela za watu, na Desemba hii kila Jumamosi kuna sherehe.

Mliokuwepo kwenye harusi ya mdogo wangu mliona wenyewe. Muziki ulikuwa kazi yangu, kamati iliniamini mimi.

Na nilikagua! Asije mtu kuniambia sikukagua. Jumatano ya wiki ile nilipanda basi la alfajiri toka Dar, saa tano asubuhi niko ukumbini. Jamaa kanipokea, "karibu dada yangu", kanivutia kiti katikati ya ukumbi, kaniletea soda. Vijana wawili wamevaa fulana zinazofanana, wanafuta vumbi kwenye mikisa, ile mashine ya kurekebisha sauti. Spika za besi nne, mbili huku mbili kule, juu yake zile ndogo. Akawasha taarabu. Besi ilinigonga kifuani, soda ikatikisika kwenye glasi. Akanipa maiki, nikasema moja, mbili, tatu, sauti ikatoka safi kama ya redioni. Akaniuliza, "Dada, unataka zaidi ya hapo?"

Ningejibu nini? Alinionyesha video za harusi kwenye simu yake. Aliniuliza wageni wangapi, nikamwambia 350, akasema basi jenereta lazima iwe kubwa, umeme wa huku haueleweki. Mtu anayekuwazia umeme kukatika, utamdhaniaje tapeli? Halafu ukumbi wenyewe una sharti, ukileta muziki wa nje unalipa 300,000 juu. Yeye bei yake 1,200,000. Nikatuma 900,000 kwa simu nikiwa nimekaa kwenye kiti kilekile. Jina lililotokea si lake. Akasema ni la mke wake, nikabonyeza namba ya siri.

Jumamosi nikakuta spika zimevishwa vitambaa vyeupe. Nikajua ni wapambaji. Saa mbili usiku bibi harusi anaingia, muziki unawashwa, sauti inatokea puani. Besi hakuna. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, za kushoto zinakwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni. Kijana wa mikisa akaongeza sauti, ikakwaruza zaidi, upande mzima ukafa. Umeme ukakatika, ikawashwa jenereta, na kila friji za vinywaji zikianza kuvuta, amplifaya inazima.

Hayo yote ningeyameza. Lakini mjomba!

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mzee kashuka kutoka Mgeta, kavaa koti lake la sikukuu, kasimama kumuusia mpwa wake mbele ya wakwe. Maiki ikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Akaisogeza mbali, hasikiki. Akauliza, "Mnanisikia?" Meza za nyuma wakasema hapana. Akaanza upya, ikamkatikia alipofika kwenye jina la marehemu mama. Mara ya tatu akamrudishia kijana maiki, akakaa. Mama wadogo wakapiga vigelegele kufunika ile aibu. Mdogo wangu kainama, machozi yanaharibu vipodozi, na mimi ndiye niliyemletea hayo.

Saa nane usiku nikavua vile vitambaa. Si spika nilizoonyeshwa. Maboksi mawili ya besi yalikuwa na wavu mbele tu, nikapitisha mkono kwa nyuma, ndani hamna kitu. Hapo ndipo nikakumbuka kirikuu, kile kigari cha mizigo, iliyokuwa imeegeshwa mlangoni Jumatano, kamba ziko tayari juu. Zile spika zililetwa kwa ajili ya macho yangu.

Sasa nyie msiojua ukumbi mnaokwenda: pigeni picha ya kila spika, na mgongo wake. Tembea na maiki hadi meza ya mwisho, kisha simama nayo karibu na spika uone kama inapiga mluzi. Zima umeme, washeni jenereta na friji zote. Ukumbi mtupu unadanganya, watu wakijaa miili yao inameza sauti. Na hela lipeni nusu, inayobaki mpeni baada ya wageni kuondoka. Kuna mengine fundi wangu wa Kariakoo alinieleza, hasira imenifanya nisiyashike.

Ninachotaka ni huyu mtu afungwe. Arudishe 900,000 yote, halafu afungwe. Afisa utamaduni aufunge ule ukumbi, maana mwenye ukumbi anajua kila kitu, sharti la 300,000 limewekwa ili tusiwe na pa kukimbilia. Na wale vijana wa fulana wakamatwe nao, walikuwa wakicheka wakati mzee anahangaika na maiki. Niliwaona.

Jamaa simu yangu hapokei. RB, yaani namba ya taarifa niliyotoa polisi, ninayo, na polisi wameniambia nisitaje jina hadharani kwa sasa. Mwenye sherehe Morogoro kabla ya mwaka mpya anipigie, namba yangu mnayo, hata saa sita usiku nitapokea.