Kiti cha kona kwa mtoto asiyekaa mwenyewe: maoni yangu baada ya miezi 8

Kitinda mimba wangu ana miaka 3 na nusu. Ana mtindio wa ubongo: kiwiliwili tepetepe, miguu inakaza. Kabla ya kiti hiki alikaa mapajani mwangu tu. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani haiendeshwi ukiwa na mtoto mapajani. Nikimlaza chini ananililia, na simlaumu, maana darini hakuna cha kutazama.

Kwa asiyekijua, kiti cha kona ni kifupi, kinakaa sakafuni, na egemeo lake ni mbao mbili zilizokutana kama pembe ya chumba. Mtoto akiingia humo, mabega yanasukumwa mbele kidogo na mikono inakuja yenyewe usawa wa kifua. Hiyo mikono ndiyo niliyoilipia. Wangu alikuwa akiitupa nyuma kama anayeogelea chali, na mtoto ambaye mikono yake haikutani hapigi makofi wala hashiki kikombe. Katikati ya mapaja kuna kigogo chenye sponji. Nilidhani ni cha kumzuia asiteleze, kumbe hiyo ni kazi ya mkanda wa nyonga. Kigogo kinaachanisha mapaja yasipishane kama mkasi.

Wiki ya kwanza nilitaka kukirudisha. Namkalisha vizuri, nikigeuka ameshateleza, mgongo umepinda kama ndoana, kidevu kimegusa kifua. Nikakaza mkanda, ikawa vilio. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja alimtazama kidogo tu, akaniuliza, "Mama, miguu ya kiti iko wapi?" Ilikuwa kwenye boksi! Vipande vinne, nimeviweka kando nikijua ni vya akiba. Akanieleza kwamba misuli ya nyuma ya mapaja ya mwanangu imekaza, kwa hiyo akikaa miguu imenyooka mbele, misuli hiyo inavuta nyonga kwa nyuma na mgongo lazima upinde. Kiti kikiinuliwa, magoti yanakunjika, nyayo zinakanyaga chini, nyonga inakaa sawa. Tukafunga miguu palepale. Kaka mtu akakaa mbele yake akamviringishia mpira, naye akaubana kwa viganja viwili. Nilijifanya natafuta mkasi.

Kijitabu kilichokuja nacho kina picha za kufunga skrubu tu. Habari ya misuli, hakuna hata mstari mmoja. Hapo nawalaumu waliokitengeneza.

Nawalaumu zaidi kwa ushonaji, na hapa naongea kama fundi. Kitambaa kimegongwa pini kwenye mbao, hakivuliki. Mtoto wa namna hii anatoa udenda kutwa, udenda unazama kwenye sponji, na baada ya mwezi kiti kinanuka. Nimeng'oa chote, nikashona foronya ya reksini yenye zipu kwa nyuma. Mkanda nao ulikuwa wa velkro, ukajaa nyuzinyuzi ukaacha kushika, nikaweka kifungo cha kubana kama cha begi la mgongoni, nikakipigia mshono wa mraba wenye msalaba ndani. Ila mama mwenzangu, ukibadilisha mkanda usihamishe ulipotokea. Upite chini, kwenye mkunjo wa nyonga, ukielekea nyuma ya kiti. Ukipita tumboni unambana huku anateleza chini yake.

Tulianza na dakika 10, sasa anafika nusu saa, kisha namtoa ajinyooshe. Nikimtoa nakagua makalio na mapaja. Wekundu unaoondoka upesi haunitishi, ila ukidumu ujue kuna mahali panamgandamiza. Kulisha nako kumekuwa rahisi, kwa sababu kichwa hakiangukii nyuma tena. Zamani nilimlisha kichwa kimelalia mkono wangu, na kila mlo ulikuwa na kikohozi. Sasa najua chakula kilikuwa kinataka kupita njia ya hewa.

Hiki hakimfai mtoto ambaye shingo haijakaza, kwa sababu hakina cha kushika kichwa. Huyo anahitaji kiti cha kulaza nyuma kidogo chenye egemeo la kichwa, na apimwe na mtaalamu kwanza. Pia kisiwekwe juu ya meza au kitanda hata kwa dakika moja. Wangu akikaza mwili anakisogeza chote.

Nampa nyota 4 aliyekichora, na 2 aliyekishona. Kina matundu manne ya kurefusha kikalio mtoto anavyokua. Kipimo ni vidole viwili kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, na wangu yuko tundu la pili. Miguu ukiikuta kwenye boksi, uliza kabla hujaiweka kando.