Kuezeka upya Mtwara: fundi wa mtaani au mkandarasi?

Kwa nyumba ya vyumba vitatu, mimi namchukua fundi wa mtaani, ila kwa masharti. Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ana mkataba na pa kumshtakia. Kwa ghorofa usisite. Bei yake ndiyo kikwazo.

Fundi mlipe kwa hatua: kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), bati, kisha kofia (bati la kufunika kilele). Vifaa nunua mwenyewe. Wangu wa kwanza alipiga misumari kwenye mabonde ya bati badala ya migongoni, na mvua ya Desemba ikatushukia kitandani, watoto wamelala. Siku hizi kwanza naomba kuonyeshwa paa alilopiga miaka mitatu nyuma, hasa kule Shangani, ambako upepo wa chumvi hula msumari mbovu mapema.