Kisiki Hai: tathmini ya huduma inayopambana na njaa kwa miti iliyokwishakuwamo shambani

Kati ya huduma zinazofikishwa vijijini mkoani Dodoma kwa nia ya kuondoa njaa, mafunzo ya Kisiki Hai ndiyo ambayo ningemshauri mzazi mwenye shamba ayafuate kwanza, hata kabla hajajiandikisha kupokea mbegu au mbuzi. Nasema hivyo nikijua wazi kwamba mafunzo haya hayagawi chakula, hayatoi fedha na wala hayaleti miche. Yanachofundisha ni namna ya kuyalea machipukizi ya miti iliyokatwa zamani, ambayo mizizi yake ingali hai ardhini na ambayo kila msimu wa kulima hufyekwa pamoja na magugu.

Somo lenyewe hufanyika shambani, mbele ya kisiki, na mtu asiyejua kusoma hapitwi na lolote. Mkufunzi huinama juu ya kichaka kinachofika kiunoni, huyatenganisha machipukizi yake kwa mkono, kisha huwauliza wakulima wachague machache yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yote huondolewa. Katika yale yaliyobaki, matawi ya chini hupogolewa hadi nusu ya kimo, na hapo ndipo ufundi unapoonekana: panga hupigwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu tawi linalokatwa kutoka juu huchanika na kubandua ganda la shina, na jeraha hilo huingiza wadudu. Kisha kitambaa hufungwa kwenye shina ili mchungaji na mtafuta kuni wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Kuchagua, kupogolea, kuweka alama na kutunza. Hatua ni hizo nne, na familia yenye panga kali huweza kuzianza siku hiyo hiyo. Matawi yaliyokatwa hubebwa nyumbani yakawa kuni, jambo ambalo mama anayetembea mbali kutafuta kuni hahitaji kuelezwa mara mbili.

Chimbuko la njia hii linafaa kujulikana, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini inafanya kazi. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa mmisionari wa shirika la SIM huko Maradi, kusini mwa Niger, na kwa muda alikuwa akipanda miche ambayo karibu yote ilikufa kwa ukame, mchanga na mifugo. Mwaka 1983 alisimamisha gari njiani ili apunguze upepo kwenye magurudumu kabla ya kuingia mchangani. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa amekata tamaa na alimwomba Mungu amwonyeshe la kufanya, na kwamba ndipo alipokitazama vizuri kichaka kilichokuwa karibu akatambua kuwa hakikuwa kichaka bali mti uliokatwa, unaojaribu kuota upya. Mashamba yote yalikuwa na visiki vya namna hiyo. Leo njia hiyo imeenea nchini Niger katika eneo linalokadiriwa kufikia hekta milioni 5, na mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood. World Vision, shirika la Kikristo alilojiunga nalo baadaye, limeieneza katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Mkoani Dodoma kazi kubwa imefanywa tangu 2018 na LEAD Foundation, shirika la Kitanzania, kwa kushirikiana na Justdiggit la Uholanzi.

Kinachonigusa zaidi kama Mkristo ni kwamba wakulima wa Maradi walioipokea huduma ya mmisionari huyo walikuwa kwa sehemu kubwa Wahausa Waislamu, na hakuna aliyetakiwa kubadili dini ili aoneshwe namna ya kupogolea. Hivyo ndivyo huduma ya kanisa kwa wenye njaa inavyopaswa kuwa, na nayapima mashirika yetu yote kwa kipimo hicho. Kuna somo jingine kutoka huko huko. Wakati wa njaa ya 1984, chakula cha msaada kiligawiwa kwa watu waliokubali kuitunza miti mashambani mwao. Chakula kilipokwisha, wengi waliikata. Njia ilidumu kwa wale waliokwisha kuona faida yake kwenye mavuno.

Dodoma tuna kumbukumbu zetu wenyewe. Wagogo hawajaisahau Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipokwisha kuchukua nafaka na mifugo na mvua nazo zikakatika. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na zikikosekana hakuna vuli ya kutuokoa. Vilevile tunaikumbuka HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, ambao mwaka 1979 uliiondoa mifugo yote katika ardhi zilizomomonyoka za Kondoa. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi, lakini mifugo iliondoka na maziwa ya watoto na samadi ya mashamba. Kisiki Hai haimfukuzi mtu wala ng'ombe, na kwangu mimi hiyo ni tofauti kubwa kuliko hesabu yoyote ya miti.

Faida kwa chakula huja polepole. Miti hupunguza upepo unaofukia miche ya uwele kwa mchanga, majani huoza yakawa mbolea, na udongo wenye kivuli hukaa na unyevu siku kadhaa zaidi mvua inapokatika katikati ya msimu. Aina nyingine zina sifa za ajabu: mkababu hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauinyimi mahindi mwanga, na maganda ya matunda yake huliwa na mbuzi kiangazi. Hata hivyo, mtoto mwenye utapiamlo leo hawezi kusubiri kisiki kikue. Katika miezi ambayo ghala ni tupu na mazao mapya hayajakomaa anahitaji uji wenye lishe na kliniki, na kanisa linalofundisha kupogolea bila kuwa na mpango wa miezi hiyo limefanya nusu ya kazi.

Udhaifu mkubwa uko baada ya mavuno. Mifugo hufunguliwa ile mabua, na mbuzi hasomi kitambaa. Kijiji kisipokuwa na sheria ndogo za malisho, na wafugaji wasipoitwa kwenye mkutano ule ule wa wakulima, mkulima mmoja mwenye bidii hutunza miti kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Anayelima shamba la kukodi naye ana haki ya kusita, kwani mwenye shamba anaweza kulichukua mara tu kivuli kinapopatikana. Ningependa mafunzo yoyote ya aina hii yaanze na maafikiano ya maandishi kuhusu mambo haya mawili, mbele ya serikali ya kijiji, ndipo panga litolewe.

Kwa yote hayo, naipa huduma hii alama nne kati ya tano. Parokia au usharika unaotaka kuyaleta mafunzo kijijini uyapange kiangazi, mara baada ya mavuno, wakati machipukizi yanaonekana vizuri na watu wana nafasi. Wanawake waalikwe kwa majina yao wenyewe, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wenye jembe mkononi siku ya kufyeka, na jembe hilo ndilo linaloamua kama kisiki kitabaki.