Mto mrefu wa wajawazito kutoka Mwanjelwa

Mto huu wenye umbo la herufi U, unaoshonwa na kuuzwa katika duka dogo la magodoro karibu na soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, unastahili bei yake kwa mjamzito aliyeagizwa na daktari kukaa kitandani sehemu kubwa ya siku, ilimradi aukague ujazo wake kabla ya kulipa. Niliutumia katika miezi ya mwisho ya ujauzito, baada ya kipimo cha ultrasaundi kuonyesha kwamba kondo la nyuma limekaa chini na kuufunika mlango wa kizazi, na baada ya damu kunitoka zaidi ya mara moja.

Kazi yake kubwa ni kumwezesha mama kulala ubavu bila kujilazimisha. Mimba ikishakuwa kubwa, kulala chali huufanya mfuko wa uzazi uukandamize mshipa mpana unaorudisha damu kwenye moyo, na ndiyo sababu wauguzi wa kliniki husisitiza ubavu, hasa wa kushoto. Agizo hilo ni jepesi kulisikia na zito kulitekeleza kwa mtu anayelala mchana na usiku, kwa kuwa nyonga huanza kuwaka, goti la juu huvuta kiuno, na mito ya kawaida iliyopangwa mgongoni huishia sakafuni. Mto huu una mikono miwili, mmoja ukishika mgongo na mwingine ukipita chini ya tumbo hadi katikati ya magoti, kwa hiyo anayegeuka hana haja ya kuuhamisha. Kwa anayeogopa kuona damu tena kila anapojigeuza, hiyo ni nafuu kubwa.

Ujazo ndio unaohitaji macho. Duka hutoa sufi, vipande vya sponji na pamba ya nyuzi za viwandani. Sufi ni laini siku za mwanzo, kisha hushindiliwa na uzito wa mwili mpaka mto unakuwa bapa. Vipande vya sponji hukimbilia ncha za mikono na kuacha katikati, yaani penye tumbo, pakiwa patupu. Pamba ya nyuzi ndiyo iliyodumu. Foronya iwe ya kitambaa cha pamba na yenye zipu, kwa sababu ile ya kung'aa wanayoipendekeza huteleza na huwa ya baridi mno usiku wa Juni na Julai, ambao wakazi wa Mbeya wanaujua.

Ukubwa wake una gharama zake. Kwenye kitanda cha nne kwa sita mto huu humwondoa mume (wangu alihamia godoro la chini, bila manung'uniko ya kusikika), na kutoka ndani yake usiku kwenda haja ndogo ni kazi. Fundi alikubali kuufupisha mkono wa mbele, na tatizo hilo likapungua sana. Ni vyema kuliomba hilo tangu mwanzo.

Ninalolipinga ni maneno ya muuzaji kwamba mto huu huzuia mimba kuharibika. Hakuna mto unaolipandisha kondo la nyuma. Hilo husogea lenyewe kadiri mfuko wa uzazi unavyotanuka, au hubaki palepale na mama akajifungua kwa upasuaji. Hata kulala kwenyewe si dawa ya kila tatizo: tangu 2011 Shirika la Afya Duniani halipendekezi mapumziko makali ya kitandani kwa wajawazito wenye shinikizo la damu, na kulala muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Daktari ndiye wa kueleza mama anaruhusiwa kuinuka kiasi gani, na vifundo vya miguu vichezeshwe hata akiwa amelala. Damu ikitoka, hata bila maumivu, safari ni ya hospitali mara moja, wala si ya kuupanga mto upya.

Huduma yao ni ya kuridhisha. Vipimo walivichukua kwa simu, wakautuma mto kwa bajaji hadi Uyole, na baada ya kujifungua waliupunguza bila malipo ili niutumie kumwegemeza mtoto wakati wa kunyonyesha. Anayeagiza aseme mapema kwamba anataka pamba ya nyuzi, kwani asiposema huletewa sponji.